Skrubu za fitina: ununue biti, ubuni zana, au umpelekee fundi?

Pasi ya mama mkwe ilizimika Ijumaa asubuhi, kanzu mbili zimeshanyooka na ya tatu iko nusu mgongo. Hapakuwa na harufu ya kuungua wala cheche. Taa yake nyekundu ilikataa tu kuwaka. Plagi zetu hizi za miguu mitatu ya mraba zina fyuzi ndani yake, kwa hiyo nikaanzia huko. Fyuzi ilikuwa nzima. Basi yakabaki mawili: ama waya umekatikia ndani ya mpira pale shingoni unapopindwapindwa kila siku, ama fyuzi ya joto iliyo tumboni mwa pasi, ile inayokatika pasi ikizidi moto, imekwenda. Yote mawili ni kazi ndogo ukishafika ndani.

Kufika ndani ndiko kulikonitoa jasho. Chini ya kifuniko cha nyuma palikuwa na skrubu tatu. Mbili za msalaba, za kawaida. Ya tatu ilikuwa imezama kwenye shimo refu kama kisima, na kichwa chake kina nyota ya ncha sita, katikati pamesimama kinundu kidogo kama kisiki. Mimi huziita skrubu za fitina, kwa sababu hukaa moja tu kati ya wema wengi na huyo mmoja ndiye anayezuia nyumba nzima.

Tangu siku hiyo, na kwa vile majirani wa Kisauni, hapa Mombasa, wakisikia mtu "anafungua vitu" hawamwachi, nimejaribu karibu kila njia: seti ya biti (zile ncha za bisibisi zinazobadilishwa kwenye mpini mmoja), bisibisi ndefu ya kipekee, ujanja wa nyumbani, msumeno, na fundi. Njia hizi hazilingani hata kidogo, na iliyo nzuri kwa birika inaweza kuwa mbaya kwa pasi.

Ukisema "nyota" utapewa msalaba

Kosa la kwanza hutokea dukani. Ukienda hadiwea ukasema wataka bisibisi ya nyota, utapewa ile ya ncha nne ya kila siku, maana hapa kwetu hiyo ndiyo "staa". Muuzaji hana kosa. Jina la ile ya ncha sita ni Torx, iliyobuniwa na kampuni ya Camcar Textron ya Marekani mwaka 1967, na haikubuniwa kumfungia mtu nje. Ilibuniwa ili bisibisi isiteleze ikikazwa kwa nguvu. Kinundu cha katikati ndicho kilichoongezwa baadaye kwa fitina. Kwa hiyo ukiwa dukani sema Torx, halafu sema "yenye tundu", kwa sababu ncha ya biti lazima iwe na tundu la kukimeza hicho kinundu. Saizi huandikwa T10, T15, T20, na zenye tundu mara nyingi hubeba H mwishoni au TR mwanzoni.

Usikisie saizi kwa jicho. T10 ina upana wa milimita 2.7 hivi, T15 ina 3.3. Hiyo nusu milimita ndiyo tofauti ya kufungua na kuharibu. Beba chombo chenyewe uende nacho, au piga picha ya kichwa cha skrubu kwa simu, taa ikiwaka, kisha ukuze.

Pembetatu ndiyo ya pili kwa kunisumbua. Nimeikuta kwenye makalio ya birika za umeme, kwenye chaja na vitu vya kuchezea vya watoto. Ipo pia ya mabawa matatu, inayofanana na panga za feni. Ipo ya matundu mawili, kama pua ya nguruwe. Ya yai hupatikana kwenye baadhi ya mashine za kahawa za gharama, na kama unayo mashine hiyo huenda hutaki ushauri wangu. Ile ya ua lenye petali tano ni ya simu na kompyuta za Apple, tuiache. Halafu kuna moja ya ubaya mtupu: kichwa chake kina miteremko upande wa kufungulia, bisibisi inashika ukikaza na inateleza ukifungua. Hiyo imetengenezwa isifunguliwe.

Seti ya biti ama bisibisi ndefu

Seti ndogo yenye sura zote hizo nilizotaja, ukiondoa ya mwisho, bei yake huzungukia sahani mbili tatu za biriani. Kwa fedha hiyo unapata Torx zenye tundu, pembetatu, mabawa matatu, ya matundu mawili, na nyingine ambazo hutazigusa mpaka uzeeke. Ukiilinganisha kwa hesabu ya sura, hakuna kinachoishinda.

Tatizo ni urefu. Biti za seti za kawaida zina milimita 25, na kishikio kinachozibeba ni kinene kuliko shimo la skrubu. Watengenezaji wa pasi, birika na blenda hupenda kuizamisha skrubu ndani kabisa ya plastiki, kina cha kidole au zaidi. Biti inachungulia juu ya shimo kama mtoto aliyefika dirishani bila kigoda. Kipande cha kurefushia hakisaidii sana, kwani nacho kina kichwa cha kushikia biti ambacho ni kipana kuliko shimo. Nimenunua seti mbili kabla ya kulielewa jambo hili. Ya kwanza ilikuwa na vichwa mia na kitu. Ya pili ina vichwa ishirini, lakini virefu vya milimita 75. Ya kwanza nimempa kijana wa jirani anayetengeneza simu, na kwake inafanya kazi vizuri maana simu haina kisima.

Bisibisi ndefu ya kipekee, yenye mpini wake, inaingia popote na mkono unashika vizuri, kwa hiyo nguvu inafika chini pasipo kuyumba. Ila ni sura moja, saizi moja. Ukinunua nne tano umeshapita bei ya seti. Kwa uzoefu wangu mwenyewe na vyombo vya jikoni vya nyumba zetu, T15 na T20 zenye tundu pamoja na pembetatu moja ya kati zimefanya kazi kubwa kuliko sura nyingine zote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akiniuliza ninunue nini, namwambia kwanza atafute seti ya biti ndefu. Akiikosa, achukue bisibisi ndefu mbili badala ya seti fupi yenye vichwa mia.

Tazama pia chuma. Biti nzuri huandikwa S2, za kati huandikwa CR-V. Zisizoandikwa kitu huwa laini kama mshumaa. Kwenye Torx yenye tundu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa lile tundu limeacha kuta nyembamba pale kwenye ncha, na chuma kibovu hupasukia hapo hapo, kipande kikabaki ndani ya skrubu. Ukifika hapo umefunga mlango na ufunguo ukavunjikia ndani.

Ujanja wa nyumbani

Mbinu inayosifiwa kuliko zote ni ya kalamu ya biro: unayeyusha kidogo mkia wa plastiki kwa kiberiti, unaudidimiza kwenye kichwa cha skrubu, unangoja upoe, unazungusha. Nimeiona ikifanya kazi kwenye kitu cha kuchezea ambacho skrubu yake ilikuwa imelegea. Kwa pasi ya mama mkwe nilipata hivi: kinundu kiliisukuma biro upande, plastiki ikaganda ndani ya nyota, mpini ukasokoteka kama utambi, na skrubu haikutikisika. Nikabaki na tatizo la mwanzo pamoja na plastiki iliyoziba tundu.

Kwa pembetatu, kinyume chake, ujanja ni mzuri kabisa. Bisibisi bapa ndogo ambayo upana wake unatoshana na upande mmoja wa pembetatu inakaa, inashika na inafungua. Sijanunua biti ya pembetatu kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Ya mabawa matatu pia hukubali bapa nyembamba iliyotiwa kwenye bawa moja, ikiwa haijakazwa sana. Ya matundu mawili hukubali plaisi ya mdomo mrefu ikiwa skrubu iko juu juu. Ikiwa imezama, unachukua bisibisi bapa ya zamani na kuichanja katikati kwa tupa mpaka ibaki na meno mawili.

Torx yenye kinundu ina njia ya mkato ambayo mafundi wengi huitumia: bapa ndogo inawekwa ubavuni mwa kinundu, inagongwa taratibu kwa nyundo, kinundu kinakatika, na baada ya hapo biti yoyote ya Torx isiyo na tundu inaingia. Kwa skrubu iliyo juu, naiafiki. Kwa iliyo ndani ya shimo la plastiki, pigo moja la pembeni linaweza kuupasua mnara wa plastiki unaoishika, na mnara huo ukipasuka kifuniko hakitakaza tena.

Msumeno na keekee ni za mwisho. Kuchanja mfereji juu ya kichwa kwa msumeno wa chuma, kisha kufungua kwa bapa, kunawezekana pale tu kichwa kinapochomoza nje, na kwa ile skrubu ya miteremko mara nyingi hiyo ndiyo njia iliyobaki. Kutoboa kwa keekee ndani ya chombo cha umeme mimi nakukataa. Vumbi la chuma linaangukia kwenye waya na swichi, na mtu hulikumbuka siku anapochomeka plagi.

Kutu ya pwani ndiyo kufuli yenyewe

Maelekezo mengi ya kufungua skrubu hizi yanaandikwa na watu wanaokaa mbali na bahari. Hapa kwetu sura ya skrubu ni nusu ya kisa. Chombo kikikaa miaka mitatu Nyali au Likoni, dirisha likitazama upepo, chumvi imeshaingia kila mahali, na biti sahihi iliyonunuliwa kwa bei nzuri haitaingia kwa sababu nyota imejaa kutu na vumbi.

Ni muhimu kujua skrubu imeshika wapi. Ikiwa inaingia kwenye plastiki, kama kwenye pasi, blenda na birika, nyuzi zake hazigandi kwa kutu kwa maana plastiki haishiki kutu. Kilichoharibika ni kichwa peke yake. Dawa ni subira: sindano au ncha ya kompasi ya mtoto wa shule, unachokonoa kutu pembe moja baada ya nyingine, unapuliza, unarudia, mpaka biti izame mpaka chini. Biti iliyozama nusu ndiyo inayokwangua kichwa. Hapo usimwage mafuta ya kulegezea, hayana kazi, na mengine huifanya plastiki iingie nyufa.

Ikiwa skrubu inaingia kwenye chuma, kama mgongo wa mashine ya kufulia, basi kutu iko kwenye nyuzi na hapo mafuta yanahitajika. Mafuta ya kulegezea ya kopo la kupuliza yanafaa, yaachwe usiku kucha. Asubuhi gonga kichwa mara chache kwa nyundo ndogo ili kutu ivunjike, kisha ikaze kidogo kwanza, nywele moja tu, ndipo uifungue. Watu hucheka wakiambiwa wakaze ili wafungue, lakini ule msogeo wa kwanza upande wowote ndio unaoikata kutu. Kupasha skrubu moto kwa chuma cha kulehemu nako kunasaidia penye chuma kwa chuma. Penye plastiki utayeyusha ulichokuwa unakilinda.

Biti zako nazo ni chuma. Seti yangu ya kwanza niliiacha juu ya kabati wazi msimu mmoja wa kusi, nikaikuta ina madoa mekundu. Sasa nazifunga kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ya cherehani, ndani ya kopo la mfuniko.

Fundi

Pasi ile niliishia kuipeleka Mwembe Tayari, kwa mzee mmoja ambaye kibanda chake kina feni nyingi kuliko hospitali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akachungulia ndani ya shimo, akatazama plastiki ya biro.

"Hii umeshapigana nayo, mwanangu."

"Nilijaribu kidogo, mzee."

Akatoa sindano ya cherehani akachokonoa plastiki yangu yote, kisha akaleta bisibisi bapa ndefu aliyoinoa pande zote mbili hadi ikawa nyembamba kama ulimi wa kinanda. Akaipitisha ubavuni mwa kinundu, ikaegemea ncha mbili za nyota, akaizungusha huku akiikandamiza kwa kiganja. Ilifunguka kabla sijamaliza kukaa. Ilikuwa fyuzi ya joto, akabadilisha.

Kwa hesabu ya fedha, fundi hushinda njia zote kwa mtu mwenye chombo kimoja kilichokufa mara moja kwa miaka kadhaa. Seti ya biti kwa skrubu moja ni sawa na kununua punda ili kubeba mtungi mmoja wa maji. Hasara ya fundi ni nyingine. Muulize bei ya kufungua na kutazama kabla hajafungua, maana kikishakuwa vipande vipande mezani pake, wewe ndiye mwenye haraka. Omba urudishiwe kipuri kilichotolewa. Na hesabu skrubu: blenda yangu iliwahi kurudi kutoka kibanda kingine ikiwa na mbili pungufu, nikagundua siku tui la nazi lilipovuja mpaka kwenye mota. (Mbuzi ya nazi haijawahi kunidai skrubu hata moja, lakini jaribu kumwambia hivyo kijana wa siku hizi.)

Na ikiwa chombo bado kina warantii, usiguse, wala usimpe fundi wa mtaani. Kinundu kilichovunjika au kichwa kilichokwanguliwa ndicho kitu cha kwanza kinachotazamwa dukani.

Cha kutofungua hata ukiwa na biti

Watengenezaji hutia skrubu hizi kwa sababu mbili, moja ya biashara na moja ya haki. Ya biashara yajulikana: kisichofunguka hakitengenezwi, hununuliwa kingine. Umoja wa Ulaya tangu Machi 2021 unataka friji na mashine za kufulia zinazouzwa huko ziwe na vipuri vinavyobadilishwa kwa zana za kawaida, ila pasi na birika hazimo katika kanuni hizo.

Ya haki ni mikrowevu. Ndani yake mna kapasita inayofanya kazi kwa volti 2,000 na zaidi, ambayo inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme wetu wa ukutani ni volti 240 na tayari unaua. Mwenye biti ya T20 yenye tundu anaweza kuifungua mikrowevu kwa dakika moja, na huo ndio ubaya wa kuwa na biti. Hapo sishindanishi njia: ni fundi anayejua kuitoa chaji, au iachwe.

Kwa vingine, chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona. Ukimaliza na pasi, kabla ya kuichomeka, pima kwa mita (ile ya mkononi ya kupimia umeme): mguu mrefu wa plagi, ule wa ardhi, na bamba la chini la pasi viwe vimeungana, usomaji karibu na sufuri. Kila mguu kati ya ile miwili mingine na bamba pasiwe na muungano wowote. Kati ya miguu hiyo miwili yenyewe, kidhibiti joto kikiwa kimezungushwa kwenye joto, pasi ya wati 1,000 itasoma omu 58 hivi. Huna mita na huna wa kukuazima? Hilo peke yake limeshakuchagulia fundi.

Mimi baada ya Mwembe Tayari nilinunua bisibisi ya T15 yenye tundu, ndefu, na majirani wameshailipa kwa mahamri. Mama mkwe hakutaka kujua habari ya Torx. Alichotaka ni kwamba siku nyingine nisihitaji kumpelekea mtu mjini, kwa hiyo nilipoifungua tena pasi ile kubadilisha waya, niliitoa skrubu ya fitina na kutia ya msalaba yenye unene ule ule na urefu ule ule; ikizidi urefu inaweza kutoboa waya ndani. Ile ya nyota iko kwenye kopo la biti, na kinundu chake bado kimesimama.